Tumejaribu Mara Thelathini

Pampu ya ploti yetu hapa Umoja iliungua usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi. Kufikia saa moja asubuhi kila mtu alikuwa ashajua wa kulaumiwa ni nani, na hakuwa mimi, angalau si kwa sauti. Alikuwa jamaa yangu mmoja, fundi wa mambo ya umeme, niliyesoma naye chuo hadi mwaka wa tatu. Mimi nikaachia hapo, yeye akamaliza. Ndiye aliyeunda kile kiboksi kilichokuwa kinaiwasha na kuizima pampu. Lakini siku kiboksi kilipoletwa, aliyesimama mbele ya wapangaji kukitetea nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ni mwenyeji na yeye alikuwa mgeni. Nilisema hivi, na nayakumbuka maneno yenyewe: "Tumekijaribu mara thelathini. Hakijakosea hata mara moja."

Ilikuwa kweli. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Sikudanganya, na bado nahisi nilidanganya, na ninaandika haya nijue ni lipi kati ya hayo mawili lina haki ya kukaa.

Kwa yule ambaye hajaishi Eastlands, mambo yako hivi. Maji ya mfereji huja kwa ratiba, siku mbili kwa wiki ukiwa na bahati, na mara nyingi huja usiku. Yanaingia kwenye tangi la chini, pale karibu na geti. Pampu inayavuta hadi matangi ya juu ya paa, na kutoka huko ndipo yanashuka kwenye mifereji ya nyumba. Stima nayo hupotea na kurudi inavyotaka. Zamani keateka ndiye alikuwa anaamka saa tisa usiku kuwasha pampu, na akilala, basi sote tunaoga Jumapili. Kiboksi kilikuja kumpumzisha. Kilikuwa na boya moja kwenye tangi la chini la kukiambia kama maji yapo, na boya lingine juu la kukiambia kama tangi limejaa. Ndani yake programu fupi yenye kazi mbili zinazopokezana: moja inasikiliza boya la chini, nyingine inaendesha pampu.

Jumatano ile stima ilipotea jioni, pampu ikiwa bado inavuta. Matangi ya juu yakaisha kufikia saa tatu. Watu wakafanya wanachofanya siku zote: wakafunua kifuniko cha tangi la chini, wakateka kwa ndoo, wakimulikiana kwa simu. Tangi likaisha gizani. Boya likalala chini, lakini kiboksi kilikuwa kimezima, hakikuliona likilala. Saa tisa usiku stima ikarudi. Kiboksi kikaamka na imani kilichoandikiwa, kwamba maji yapo hadi boya liseme vinginevyo. Na boya lilikuwa limeshasema. Lilikuwa limesema wakati hakuna wa kusikia, na boya halisemi mara mbili. Programu ilikuwa inangoja *lishuke*, na kitu ambacho kiko chini tayari hakiwezi kushuka tena. Pampu ikavuta hewa hadi asubuhi. Waliokuwa wanaishi karibu na geti wanasema walisikia harufu.

Sasa ile mara thelathini. Tulikuwa tunajaribia kwenye pipa nyumbani kwake, Jumamosi kwa Jumamosi. Tunajaza pipa, tunachomeka waya, pampu ndogo inaanza kuvuta, tunafungua maji yatoke, boya linashuka, pampu inazima. Tunashangilia. Tunajaza tena. Hakuna siku hata moja tulichomeka waya kwanza pipa likiwa tupu, kwani nani anaanzisha jaribio la maji bila maji? Mpangilio huo haukuwa uamuzi. Ulikuwa tu ndio unaokuja kwa mkono. Kwa hivyo ukiniuliza leo, sisi hatukujaribu mara thelathini. Tulijaribu mara moja, halafu tukairudia mara ishirini na tisa.

Neno la jambo hili nililipata mahali nisipotarajia. Miezi michache baadaye nilipata kazi ya kunyoosha Kiingereza cha tasnifu ya mwanafunzi mmoja wa ng'ambo. Ndizo kazi zinazonilipia kodi. Mada yake ilikuwa namna ya kupima modeli za chipu kabla chipu yenyewe haijatengenezwa, ikitafuta makosa ya aina moja tu: yale yanayotokana na zamu. Nilianza kuisoma kama mtu anayehesabu malipo kwa kila ukurasa. Kufikia sura ya pili nilikuwa nimeacha kuhesabu.

Chipu ya simu yako ina sehemu nyingi zinazofanya kazi kwa wakati mmoja: ya picha, ya sauti, ya kumbukumbu, ya mawasiliano. Kuichonga kwenye silikoni ni ghali, na ikishaokwa haina kiraka. Kwa hivyo wahandisi huandika kwanza modeli yake, programu inayojifanya chipu. Chombo kimoja kinachotumika sana kwa kazi hiyo kinaitwa SystemC, na kimejengwa juu ya lugha ya C++. Ndani ya modeli kila sehemu ya chipu ni mchakato wake. Ila modeli haiendeshi michakato yote kwa pamoja. Kuna mpangaji wa zamu anayesema wewe anza, wewe ngoja, sasa wewe. (Mpangaji: neno lile lile tunaloitiwa sisi wa kulipa kodi kila tarehe tano. Tofauti ni kwamba huyu ndiye anayepanga.) Mchakato ukishapewa zamu unakwenda hadi wenyewe useme naomba kungoja. Na michakato mitano ikiwa tayari wakati mmoja, nani aanze? Kiwango chenyewe, IEEE 1666, hakisemi. Kinamwachia aliyetengeneza chombo achague. Lakini kinaongeza sharti: akishachagua, programu ile ile, ikipewa data ile ile, kwenye toleo lile lile la chombo, ifuate mpangilio ule ule kila inapoendeshwa.

Sharti hilo lina busara. Kosa likitokea unataka liweze kutokea tena ulione vizuri. Lakini tazama linachozaa. Unaendesha modeli yako leo, inapita. Kesho, inapita. Mwaka mzima, inapita. Umekuwa ukitazama mpangilio mmoja kati ya mingi, ule uliochaguliwa na mtu usiyemjua kwa sababu zisizohusu kazi yako, na kwenye silikoni, ambako hakuna mpangaji, mingine yote inakungoja.

Mfano waliotumia kwenye tasnifu ulinifanya niweke simu chini. Mchakato wa kwanza unangoja ishara. Wa pili unatoa ishara. Wa kwanza ukipewa zamu mapema, unakaa, unangoja, ishara inakuja, kazi inaendelea. Wa pili ukitangulia, ishara inatolewa hakuna anayengoja, inapotea, na wa kwanza unakuja kungoja kitu ambacho kimeshapita. Utangoja milele. Ni keateka anayepiga kelele "maji yamekuja!" wakati wewe uko kinyozi. Ni boya letu.

Dawa yake ni ile ambayo mtu yeyote angeifikiria: badilisha zamu makusudi, uone. Shida ni hesabu. Michakato 10, kila mmoja ukipata zamu moja tu, ina mipangilio 3,628,800. Hakuna Jumamosi za kutosha. Mwaka 2006 Claude Helmstetter na wenzake huko Grenoble, Ufaransa, kwenye maabara ya Verimag na kampuni ya STMicroelectronics, walionyesha njia kwa modeli za SystemC, wakijenga juu ya kazi ambayo Flanagan na Godefroid walikuwa wameitoa 2005 kwa programu za kawaida. Wazo lake naweza kumweleza mama mboga. Endesha mara moja, huku ukiandika kila mchakato umegusa nini. Michakato miwili ambayo haijagusa kitu kimoja, haijalishi ni upi umetangulia; mimi nikifua na wewe ukipika, nani alianza ni hadithi tu. Lakini miwili iliyogusa kitu kile kile, mmoja ukiandika na mwingine ukisoma, au mmoja ukiita na mwingine ukingoja, hiyo igeuze. Endesha tena yule wa nyuma akiwa mbele. Tazama kama njia hiyo mpya imegusa kitu kipya. Endelea hivyo hadi kusiwe na jozi yoyote ambayo hujaigeuza. Mamilioni yanapungua, mara nyingine sana, na hakuna tofauti yoyote ya maana uliyoiruka kwa data ile uliyoipa.

Nilimpigia fundi usiku huo huo. Tulikuwa hatujaongea vizuri tangu mwenye ploti atake pampu yake ilipwe, Sh16,000. Yeye alitoa 10,000 na mimi 6,000, kwa miezi mitatu, bila kuangaliana. Nikamsomea. Akasema, "Sawa, lakini msee, hao wana maabara. Mimi nina pipa."

Hoja yake si ndogo, na sitaki kuipita haraka. Ukisema kila fundi wa Eastlands apime kila mpangilio kabla hajauza, umesema mafundi wa Eastlands wasiuze. Watabaki wenye makampuni, ambao nao hawatakuja Umoja kutengenezea ploti ya watu arobaini kiboksi cha pampu. Tunaishi kwa vitu vilivyojaribiwa nusu: nyaya, ngazi, breki. Kule Nyeri, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited, na kila mara nikisikia wanasiasa wakisema Kenya itakuwa nchi ya chipu, nafikiria ni vijana wangapi wenye mapipa walikufa moyo njiani wakisubiri maabara.

Ila hoja hiyo inajibu swali ambalo sikumuuliza. Sikusema alipaswa kupima kila kitu. Kiboksi chetu kina mambo matano yanayoweza kutokea: maji kuja, maji kuisha, stima kupotea, stima kurudi, tangi la juu kujaa. Ukiyapanga kila namna ni mipangilio 120. Nyingi hazina maana, stima haiwezi kurudi kabla haijapotea, na nyingi za zilizobaki hazigusani. Tulikaa baadaye na kalamu, tukazikata hadi zikabaki chache za kumalizwa kabla ya saa sita. Ile iliyoua pampu ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa. Gharama yake ilikuwa kuchomeka waya pipa likiwa tupu. Hatukukosa maabara. Tulikosa kujiuliza nani mwingine anaweza kutangulia.

Na kuna jambo la pili, zito zaidi. Kwenye kikao cha asubuhi ile, kabla fundi hajafika, lawama ilizunguka kidogo ikitafuta mahali pa kutua. Ikatua kwa mama wa chumba cha chini, mwenye mtoto mchanga, kwamba ndiye aliyeteka ndoo za mwisho. "Nani alikuambia uteke hadi chini?" Yeye akajibu, "Kwani maji ni ya kuangaliwa?" Sikumtetea. Nilikuwa kimya nikifurahi kwamba si mimi.

Nimemkumbuka tena niliposoma kuhusu Therac-25. Hii ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyotumika Marekani na Kanada, na kati ya 1985 na 1987 iliwapiga wagonjwa 6 kwa mionzi mingi kupita kiasi. Baadhi yao walikufa. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, mhudumu aliandika herufi ya aina moja ya mionzi, akaona amekosea, akarekebisha, akaendelea, yote ndani ya sekunde 8, wakati mashine ilikuwa bado inapanga sumaku zake. Sehemu moja ya programu ikajua amebadilisha, nyingine haikujua. Mhudumu polepole asingeliona kosa hilo kamwe. Alilifikia kwa sababu alikuwa ameizoea kazi, vidole vyake vikawa vyepesi. Watengenezaji walipojaribu wenyewe hawakupata kitu. Ni yeye na mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, waliorudia na kurudia hadi wakagundua siri ilikuwa kasi. Na mashine ya kabla yake, Therac-20, ilikuwa na kosa kama hilo ndani ya programu, ila ilikuwa na vizuizi vya umeme vilivyoikinga. Kosa lilikuwa limelala humo muda wote na watu wakiita ni mashine nzuri.

Mtu anayeufikia mpangilio mbaya mara nyingi hajakosea chochote. Ni aliye na kasi kuliko tulivyomfikiria, au aliyechelewa, au mwenye mtoto anayehitaji nepi zifuliwe stima ikiwa imepotea. Tunamwambia ametumia vibaya. Ukweli ni kwamba amekuja kwa zamu ambayo sisi hatukuwa tumeiwazia.

Wanafalsafa wana mjadala wao juu ya hili. Mwaka 1976 Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika, kila mmoja kwa njia yake, juu ya bahati katika maadili. Chukua dereva wa matatu ambaye hajapeleka breki zikaguliwe. Asubuhi moja mtoto anakatiza barabara, breki hazishiki. Dereva mwingine, breki mbovu vile vile, barabara ile ile, hakuna mtoto aliyekatiza. Wa kwanza tunamfunga. Wa pili anakula chapati yake stejini. Walichofanya wao wawili ni kitu kimoja. Kilichowatofautisha ni mtoto, na mtoto hakuwa mikononi mwa yeyote kati yao. Nagel aliona kwamba hatuwezi kuacha kuhukumu hivi na pia hatuwezi kueleza kwa nini ni haki.

Kwetu dereva wa pili hakuwa wa kufikirika. Fundi alikuwa ameweka viboksi vingine vinne, vyenye programu ile ile: Kayole, Tena, Komarock, Kariobangi South. Vyote vilikuwa vinafanya kazi. Hakuna aliyelalamika, wawili walikuwa wamemletea wateja. Nilipomuuliza kama atawaambia, alinijibu kwa hasira ya mtu ambaye ameshajiuliza. "Niende niwaambie nini? Kwamba kitu chenu kizima kimeharibika?"

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini, na sisi hupenda kuisema methali hiyo kama faraja: subiri tu, ukweli utajitokeza. Lakini ya arobaini huwa inalipwa na nani? Mwenye nyumba ndiye ameibiwa thelathini na tisa. Giza lililowapata watu kama milioni 50 Marekani na Kanada tarehe 14 Agosti 2003 lilichangiwa na programu ya ving'ora iliyokwama kwa sababu ya kosa la zamu, na programu hiyo ilikuwa imeshafanya kazi zaidi ya saa milioni 3 bila kosa hilo kujitokeza. Saa milioni 3 za mpangilio mwema. Ukitaka kungoja uhakika kwa kutazama vitu vikifanya kazi, utangoja kama mchakato ule uliokosa ishara yake.

Nilichofikia mimi ni hiki, na sijui kama Nagel angekubali. Kwenye lawama ya pampu iliyoungua, bahati inahusika, sawa, na sioni njia ya kuiondoa. Lakini kuna lawama nyingine ambayo bahati haiigusi: ile ya neno "tumejaribu." Nilipolisema, wapangaji hawakusikia habari ya pipa na Jumamosi. Walisikia ahadi juu ya usiku wao, na stima yao, na ndoo zao. Niliwauzia mpangilio mmoja kwa bei ya yote. Ningesema, "Tumekijaribu maji yakiwa yametangulia, hatujakijaribu stima ikitangulia," hata yule mama wa chumba cha chini angeuliza, "Na ikitangulia?" Swali lenyewe lingetosha. Ahadi hiyo ilikuwa na ufa siku ile ile niliyoitoa, miezi 11 kabla pampu haijaungua, na ingekuwa na ufa hata kama isingeungua kamwe. Kwa hivyo ndiyo, nilidanganya, ingawa sikusema lolote lisilo kweli. Na kama ni hivyo, ploti zile nne zilikuwa zimeshakosewa, stima ipotee isipotee.

Fundi hakukubaliana nami yote. Alisema mimi naongea kama mtu ambaye jina lake haliko kwenye risiti. Ila Jumanne iliyofuata alinipitia na begi lake.

Tena tulimaliza kwa nusu saa. Keateka hata hakuuliza. Komarock tulipokewa na mwenye ploti mwenyewe, mama wa umri wa mama yangu, akiwa na leso kiunoni. Fundi akajieleza vibaya, kama watu wanavyojieleza wakiwa na hatia.

"Kijana wangu," akamwambia, "inafanya kazi ama haifanyi?"

"Inafanya, mama."

"Basi si uiache?"

Fundi akanigeukia. Mimi ndiye msemaji. Nikamwomba yule mama ruhusa tuzime swichi kubwa, akakubali shingo upande. Fundi akafunua tangi la chini, lilikuwa na maji nusu, akaingiza mkono akalikandamiza boya kama vile tangi ni tupu. Nikawasha. Kiboksi kikamulika kijani na pampu ikaanza kunguruma, boya likiwa limelala chini mkononi mwake.

Mama akatazama boya, akatazama pampu. "Kwa hivyo miezi yote hii ilikuwa hivi?"

"Ilikuwa hivi."

"Na siku mliyoileta mlisema mmejaribu."

Fundi akasema ndiyo, tulisema. Akanyamaza kidogo, akijifunga leso upya. Halafu akauliza kama wale wengine tumeshawaambia. Tukasema bado Kayole na Kariobangi. Akaangalia juu, upande wa transfoma, akatuambia turekebishe yake haraka tuende, kwa sababu eneo hilo lote stima hupotea saa kumi.